Wanja wa Kusuka Mota

Barua ya kumwita Wanja chuo kikuu ilisomwa kwa sauti mara mbili katika nyumba yao ya Ngoingwa, na mara zote mbili msomaji alikuwa Gachau, mdogo wa marehemu baba yake. Gachau alistaafu akiwa naibu wa mwalimu mkuu, na tangu hapo kila karatasi aliyoshika, hata bili ya maji, aliisoma kana kwamba amesimamisha paredi ya wanafunzi mia nane.

"Digrii ya Uongozi na Maendeleo ya Jamii," alitangaza. "Miaka minne."

"Nikimaliza nitakuwa nani, Anko?"

"Utakuwa na digrii!"

Wanja akamtupia jicho Lenny, mtoto wa Gachau, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi. Lenny alikuwa na digrii kama hiyo kwa mwaka wa tano sasa. Picha yake akiwa na joho ilitawala ukuta wa sebule ya kwao. Yeye mwenyewe, kazi pekee ambayo Wanja aliwahi kumwona akiifanya kwa bidii ni kuchaji simu.

"Mimi naenda Ruiru," Wanja akasema. "Kuna fundi anaitwa Syombua, anasuka upya waya za mota zilizoungua. Amesema nianze Jumatatu."

Alikuwa amempata Syombua miezi michache nyuma, alipopeleka mota ya mashine ya mama yake ya kukatia nyasi za ng'ombe. Alitaka kuiacha arudi nyumbani. Badala yake alisimama pale saa nne nzima akitazama yule mama Mkamba akiingiza waya wa shaba kwenye mianya myembamba, na jioni mashine ikaunguruma.

Gachau alikunja barua polepole. Alimgeukia Warigia, mama yake Wanja, kwa uso wa mtu aliyekuja matangani. "Ukweli ni kwamba," alisema, "kusoma si kwa kila mtu."

"Nilipata B plasi," Wanja akasema. "Lenny alipata nini?"

Lenny aligeukia ukutani.

Jumapili iliyofuata pasta aliwaita mbele vijana waliokuwa wakienda chuo kikuu, waombewe. Walisimama kumi na mmoja. Gachau alimsukuma Wanja kwa kiwiko, Wanja akashikilia benchi. Mwanamke mmoja nyuma yao alimshika Warigia bega akamwambia pole. Wanja nusura acheke. Wale kumi na mmoja alikuwa amewauliza mmoja mmoja nje ya kanisa wanakwenda kusomea nini, na tisa walikuwa hawajui.

Kwa Syombua hakukuwa na pasta. Kulikuwa na tindo, koleo na harufu ya vanishi iliyokataa kutoka kwenye nywele. Wanja alikata waya zilizoungua wiki baada ya wiki, akihesabu mizunguko ya waya katika kila koili na kuiandika. "Hesabu vizuri," Syombua alimwambia. "Ukikosea, mota itakuambia, na itakuambia kwa moshi." Mota yake ya kwanza ilimwambia hivyo hasa. Syombua hakumgombeza. Alisema tu, "Toa zote. Anza."

Mwaka wa pili Wanja alikuwa akisuka peke yake mota za pampu za visima vya Gatuanyaga. Wanaume waliingia wakamtazama, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye aliwaacha wamtafute chini ya meza na nyuma ya mlango hadi aibu iwaingie. Aliwadharau wao, akamdharau Gachau, akawadharau wale kumi na mmoja, na dharau hiyo ilimpa nguvu kama uji wa asubuhi.

Mwaka wa tatu, Lenny akatokea mlangoni, shati limepigwa pasi.

"Sasa, binamu," alisema. "Baba hajui niko hapa. Nataka kujifunza."

Wanja alifurahi, lakini haikuwa furaha ya kumkaribisha mtu. Syombua alimkubali kijana, akamweka chini ya Wanja, na Wanja akamtafutia mota iliyokuwa mbovu kuliko zote, ya pampu, imejaa tope. Hakumwambia kwamba vanishi hulainishwa kwanza kwa moto. Lenny alivuta waya kwa koleo mpaka viganja vikachubuka.

"Hiyo ndiyo miaka minne ya uongozi?" Wanja aliuliza mbele ya wateja. Wateja wakacheka.

Siku ya tatu Lenny alimletea karatasi: mizunguko sitini na miwili. Wanja aliitazama mara moja tu.

"Mota kama hii ni sitini na minane. Hata kuhesabu hawakuwafunza? Lenny, ukweli ni kwamba kazi ya mikono si ya kila mtu."

Lenny alifuta mikono kwenye suruali. "Unaongea kama baba," alisema, bila hasira, akachukua koti lake akaenda.

Wanja alicheka. Safari hii alicheka peke yake. Syombua alivuta kiti, akachukua koili aliyoikata Lenny, akaanza kuhesabu nyuzi kwa ncha ya bisibisi huku midomo ikitembea.

"Sitini na mbili," alisema. "Kijana alihesabu vizuri. Mpigie simu."

"Nitampigia."

Hakumpigia. Mwezi mmoja baadaye, wakiwa jikoni, Warigia alimpa habari huku akimimina chai, uso umechangamka: Lenny alikuwa amepata mwalimu huko Kamenu, anajifunza kutengeneza friji, na Gachau amenyamaza tu.

"Friji!" Wanja akasema. "Hiyo ni kuongeza gesi tu. Hata mbuzi anaweza."

Warigia aliacha kumimina. "Haiya, Wanja, hata wewe?" alisema kwa sauti ya chini, akaweka birika mezani, akachukua ndoo, akatoka kwenda kukamua.