Miezi Kumi na Miwili ya Kuhesabu Nzohe

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya kwanza ya Julai, nilipiga magoti kwenye tope la bonde letu, chini ya vilima vya Bukiriro, nikapima kwa futikamba ya kushonea unyayo wa mnyama ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Urefu wake ulikuwa sentimita kumi na tatu. Kwato zilikuwa mbili, nyembamba, zimeachana kama mkasi uliofunguliwa. Niliandika tarehe, saa, mahali na urefu. Wanawake waliokuwa wakikata mafunjo ya mikeka waliacha kazi wakanitazama.

"Fundi, leo unampima nani?"

"Anampimia swala suruali!"

"Mwekee na mifuko, fundi, apate pa kuweka simu!"

Nilicheka pamoja nao. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na mengine nimeyapata kwenye vitabu vya kuazima na kwa kuuliza watu wanaojua. Kupima nakujua, kwa hiyo nilipoombwa kupima nyayo sikuona sababu ya kukataa.

Mnyama mwenyewe ni nzohe, swala wa majini, ambaye wazee wetu humwita inzobe. Hukaa ndani ya mafunjo, hula machipukizi yake, na akishtuka hujizamisha akabakiza pua tu juu ya maji. Ndiyo maana watu wengi wa kijiji chetu walikuwa wamezeeka bila kumwona, na ilikuwa rahisi kwao kusema hayupo.

Kusema hayupo kulikuwa na faida. Mkutano wa kijiji ulitaka bonde lifyekwe, lichimbwe mifereji na kugawanywa vipande vya kulima mpunga na mboga. Sisi wachache tulipinga, kwa sababu visima vyote vya upande wetu hupata maji kutoka bonde hilo. Afisa wanyamapori alikuja akatusikiliza.

"Maneno ya 'tunasikia wapo' siwezi kuyapeleka popote," alisema. "Nileteeni miezi kumi na miwili mfululizo, kila mwezi una nyayo zilizopimwa. Mwezi mmoja ukiwa mtupu watasema ni mnyama mpita njia, na bonde litagawiwa."

Tulianza watu sita. Kufika mwezi wa tatu wa kazi tulibaki wawili, mimi na katekista wetu, mzee mwenye goti bovu ambaye hakuwahi kukosa hata siku moja. Tulikwenda kila Jumamosi. Yeye aliingia bondeni kwa upande wa kijito, mimi kwa upande wa shamba la migomba, tukakutana katikati.

Mwezi wa pili tulikuwa tumefanya kosa. Wote wawili tulipima njia moja ya mnyama, kila mtu kutoka mwisho wake, tukaandika wanyama wanne mahali palipokuwa na wawili. Afisa aligundua kwa kulinganisha urefu wa kwato, akatuuliza kwa upole tunatofautishaje njia moja na nyingine. Sikulala vizuri usiku huo. Asubuhi nikawa nimepata jibu.

Kwetu, mtu akitaka mafunjo ya mahali fulani kwa ajili ya mkeka au kuezekea, hufunga vichwa vya mashina matatu pamoja. Fundo hilo likishakuwepo, hakuna mwingine atakayeyakata, hata likae mwezi mzima. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini sijaona mtu akiivunja. Nikaona kwamba fundo lingetufaa mara mbili. Njia iliyokwisha kuhesabiwa ingejulikana, na wakataji wangeyaacha mafunjo ya pale ambapo nzohe wanapita. Katekista alikubali mara moja. Tulifunga mafundo kwenye njia nne, nami nikazipa namba.

Mpango huo ulifanya kazi. Hesabu zilinyooka. Kufika mwezi wa tano, wakataji walikuwa wamefyeka pande zote lakini mafunjo ya zile njia nne yalisimama, marefu na meusi kwa unene. Mwezi wa saba wa kazi, kwenye njia namba tatu, kando ya unyayo wa sentimita kumi na tatu palikuwa na mwingine wa sentimita tano. Katekista aliinama akautazama muda mrefu kuliko goti lake lilivyoruhusu.

"Ana mtoto," alisema.

"Andika, mzee."

"Naandika. Niache kwanza nifurahi."

Tuliupima unyayo huo mdogo kila juma. Sentimita tano, tano na nusu, sita. Nililijua bonde lile kwa namba kuliko nilivyojua nyumba za majirani zangu.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja nilifika njia namba tatu, nikakuta tope limevurugwa upana wa kitanda. Mafunjo yamelala, mengine yamevunjika. Kwenye shina moja kulikuwa na waya wa klachi ya pikipiki, umekatwa kwa koleo, na manyoya ya rangi ya hudhurungi yamenasa kwenye kitanzi. Damu ilikuwa imekauka. Kuzunguka pale pote, duara juu ya duara, kulikuwa na nyayo za sentimita sita.

Sikumwita katekista. Nilikwenda namba moja, nikakuta waya. Namba mbili, waya. Namba nne, waya. Kisha nikatembea bonde zima, kazi ya saa tatu, nikitafuta mtego mahali ambapo hapakuwa na fundo. Sikuupata hata mmoja.

Nilirudi nikafungua mafundo yote, ingawa hilo halikumsaidia mtu. Katekista alinikuta namba nne nikiwa nimeketi kwenye maji. Alianza kung'oa waya kwa mikono, akajikata kidole.

Juma lililofuata nyayo ndogo zilikuwa bado pale. Juma la nne hazikuwepo. Mwezi wa kumi na mbili tuliingia kila siku badala ya kila Jumamosi, na hatukupata unyayo wowote, mkubwa wala mdogo.

Siku ya mwisho ya mwezi katekista alikuja barazani kwangu. Fomu ya afisa wanyamapori ilikuwa juu ya cherehani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeandika?"

"Bado."

"Andika mmoja tu, fundi. Sentimita kumi na tatu. Nani atakwenda kupima?"

"Mzee, wewe unafundisha watoto amri kumi."

"Nazifundisha. Nimezifundisha miaka mingi kuliko uliyoshona wewe. Nakwambia andika mmoja." Alinyoosha mkono. "Au nipe mimi kalamu."

Sikumpa. Niliwaza kwamba kosa la mwezi wa pili lilisameheka kwa sababu halikukusudiwa. Niliwaza pia visima. Kisha nikaandika sifuri, nikasaini, nikamsogezea fomu naye asaini. Aliondoka bila kusaini. Tangu siku hiyo tunasalimiana kanisani, basi.

Bonde liligawiwa mwezi uliofuata. Wapo wanaosema kijijini kwamba liligawiwa na kalamu yangu, na sina hoja ya kuwapinga. Visima vya upande wetu sasa hukauka mapema, tunafuata maji ng'ambo ya kilima.

Aliyetega namfahamu, na kijiji kizima kinamfahamu. Ni mkataji wa mafunjo ya kuezekea. Naye amepata kipande chake bondeni. Alikuja kuchukua suruali niliyomwekea kiraka, akasimama mlangoni kama mtu asiye na deni la neno.

"Kwa nini zile njia nne?" nilimuuliza.

"Niseme kweli, mama fundi? Mwezi wa kwanza niliona mafundo, nikasema mwenyewe atakuja kukata. Wa pili hajaja. Wa tatu hajaja. Nikajiuliza, mtu gani anafunga mafunjo asiyakate? Nikaingia kuchungulia."

"Na mafunjo yenyewe hukuyakata."

Alinitazama kwa mshangao. "Yalikuwa na fundo lako, mama. Ningekataje?"

"Na yule mtoto?"

"Sikumshika. Alikuwa anazunguka tu pale. Bila mama yake hafiki mbali."

"Nyama uliuza wapi?"

"Hapa hapa. Usiniulize majina, maana wamo walioanza kuhesabu pamoja na wewe."

Nikamuuliza alipata mafungu mangapi. Alisema ishirini na manane, kila fungu shilingi elfu tano. Nilipiga hesabu mbele yake, naye akaikubali: shilingi laki moja na arobaini elfu.