Andiko la Geti la Mazao

Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani kabisa, hakuna aliyemlilia mwenzake. Kwa hiyo wanunuzi wa maharage wa hapa Shanwe, Mpanda, waliponichagua niwe katibu wao, nilijua wamekosa mtu. Mwenyekiti wetu, mama mwenye stoo jirani na yangu, alisema nimechaguliwa kwa sababu nina kalamu mfukoni. Kalamu yenyewe ilikuwa haiandiki.

Shida yetu ilikuwa geti. Maharage ya Mwese yanashuka milimani kwa pikipiki, na ile barabara ikinyeshewa huwezi kuiharakisha. Mtu anaondoka alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba, anasukuma, anaanguka, anainuka, akifika anakuta geti la ushuru lilishafungwa saa kumi jioni. Analala hapohapo, magunia yananyeshewa. Nimewahi kufungua gunia nikakuta vichipukizi vyeupe vinanichungulia kama vifaranga. Mwisho wale wa pikipiki wakasema, "Nyie wa Mpanda bakini na geti lenu, sisi tunapeleka kwingine." Wasingekuja, stoo yangu ningewaachia panya.

Tukaenda mkoani, mimi na mwenyekiti. Afisa biashara akatusikiliza, akasema, "Nileteeni andiko. Jumatatu tunakaa na halmashauri na wafanyabiashara, nitaliingiza."

Nikatoka pale naelea. Andiko nililolijua mimi ni lile la kanisani, la ukutani juu ya altare, herufi kubwa za bluu. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa mabango.

Jumatatu nikafika ukumbini na ubao umefungwa kwenye shuka.

"Katibu, hiyo nini?" mwenyekiti akauliza.

"Andiko, mama."

Akafunua shuka kidogo, akaufunika ubao tena polepole, kama anafunika maiti. "Andiko ni karatasi, mwanangu. Wenzako wameleta kurasa ishirini."

"Si ungeniambia."

"Ningejuaje kama kuna mtu hajui?"

Kikao kikaanza. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kaubaridi ka Mwese kabisa. Watu wenye mafaili walisema mazingira wezeshi, wakasema mnyororo wa thamani, na yale maneno yakawa yanapaa taratibu kuelekea darini, mimi nayasindikiza kwa macho. Nikaziona pikipiki zinashuka mlimani ndani ya wingu, hazina mlio, matairi hayagusi tope. Mwenyekiti akanifinya. Tumeitwa.

Nikafunua ubao. TUNAOMBA GETI LIFUNGWE SAA MOJA USIKU. MAHARAGE YA MWESE YANACHELEWA. Fundi alikuwa ameniongezea bure picha ya maharage mawili, yakatoka kama figo. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Bwana wa ushuru wa halmashauri ndiye hakucheka. "Kwa nini saa moja?"

Sikuwa na ukurasa wa kufunua, nikamsimulia njia tu. Wapi pikipiki inabebwa na watu wanne, mto gani unasubiriwa upungue, wapi jua linawazamia.

"Sisi tulidhani wanachelewa sababu ya kunywa," akasema.

"Wanakunywa, mheshimiwa. Ila matope."

Akaniangalia, akaandika kitu. Wakakubaliana geti lijaribiwe mpaka saa moja, mvua zote hizi.

Jioni ya kwanza mimi na mwenyekiti tukaenda kushuhudia. Jua lilishazama, kumebaki wekundu kidogo juu ya miti. Akatokea mmoja, tope mpaka kwenye nyusi, magunia mawili makavu chini ya turubai. Akalipia, akapewa risiti, lakini kwa mazoea akazima injini na kuanza kutafuta pa kulala.

"Pita, kaka," nikamwambia.

"Saa hizi?"

"Pita tu, wameruhusu."

Akatuangalia sisi, akaangalia lile bomba la kufungia geti, limeinuliwa juu. Hakuwasha. Akaikokota pikipiki kwa miguu, polepole, bila kelele, kama anapita karibu na mtu aliyelala.