Niletee Sauti Yake

Harufu ya lehemu inapoungua, ile risasi laini ambayo mafundi wa redio huyeyusha ili kuunganisha nyaya, hunirudisha Laini Saba, kule Kibera, papo hapo, hata nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha ngozi hapa Kawangware, mbele ya mitambo ambayo mtu mwenye digrii angeomba ruhusa kabla ya kuigusa. Ni harufu kali, yenye utamu wa utomvu ndani yake, na kwangu ni harufu ya mwaka mmoja tu: mwaka nilipokuwa na miaka kumi, nikashika chombo cha kunasa sauti, nikapanda treni, nikasikia muziki ambao mpaka leo haujanitoka masikioni. Mimi shule niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza. Lakini leo harusi yoyote kuanzia Kibera mpaka Riruta Satellite ikitaka spika za kutetemesha vikombe mezani, wananiita mimi. Studio ninayo, na si ya kukodi. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani ninaona haya.

Kibanda cha fundi Wanyama kilikuwa hatua chache kutoka kwenye reli, karibu sana hivi kwamba treni ya Kisumu ikipita jioni bisibisi zilicheza zenyewe juu ya meza. Wanyama alikuwa ametengeneza redio-kaseti moja kutokana na maiti za redio tatu. Tumbo lilikuwa jekundu, mgongo mweusi, na vitufe vilitoka kwingine kabisa, vyeupe kama meno ya kuazima. Betri alizianika juu ya bati mchana kutwa ili zipate nguvu, nasi watoto tulizilinda dhidi ya kuku kana kwamba ni mahindi. Siku moja alinisogezea kile chombo mdomoni akasema, "Haya kijana, toa sauti." Nikataja jina langu. Akarudisha kaseti nyuma, akabonyeza, na ndani ya sanduku mtoto mwenye sauti nyembamba kama ya mbuzi akasema anaitwa Omondi. Nilizunguka nyuma ya meza kumtafuta. Wanyama alicheka mpaka akashika kifua. Nimeona mengi tangu siku hiyo, nimenunua vyombo vilivyovuka bahari kwa ndege, lakini sijawahi tena kustaajabu namna ile: kusimama upande huu na papo hapo kujisikia niko upande ule. Pumzi yangu ilikuwa imetoka mdomoni, na haikuwa imepotea.

Wakati huo nyumbani kwetu kulikuwa na jambo. Baba yangu, Odhiambo, alikuwa fundi wa vitanda, mtu wa maneno machache kuliko misumari aliyoishika kati ya midomo. Alikuwa ameapa kwamba hatarudi kwao, kijijini ng'ambo ya Kisumu, mpaka apate mabati ya kumwezekea mama yake nyumba. Miaka ikapita, mabati yakawa ndoto, na baba akawa anatuma sukari na salamu kwa kila mtu aliyesafiri. Lakini Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa ameshaumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanawe mwingine alifia mbali kwenye mashamba ya miwa, na watu, kwa huruma yao, wakamficha habari hiyo mwaka mzima, wakiendelea kumletea sukari wakisema imetoka kwake. Tangu hapo kila pakiti ya sukari aliiona kama sanda. Mwaka ule akatuma neno kwa shangazi Akinyi, dada yake baba aliyeishi Kawangware: "Usiniletee sukari tena. Barua anaweza kuandika yeyote. Niletee sauti yake, au mniambie ukweli nianze kulia."

Ndiyo maana Wanyama alikubali kutuazima redio yake tukanase sauti ya baba kwenye ngoma ya Jumapili kwa shangazi, kwa sharti moja: isishikwe na mtu mwingine ila mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi. Alinifundisha kila kitufe. "Na hiki cha mwisho," akasema, "ni cha kusimamisha. Kaseti ni sufuria ndogo, bwana. Ukijaza maji, nyama itakosa nafasi. Kinanda kikilia, nasa. Watu wakianza domo, simamisha." Jumapili tukatoka kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma nimekumbatia redio kifuani, nikijifanya simwoni mtu. Pale Satellite mvulana mmoja niliyemfahamu akanipigia kelele, "We Omondi! Umezaa?" Nikamjibu bila kugeuza shingo, "Nimezaa, na amekushinda sura!" Usiniulize kama nilikuwa na majivuno. Nilikuwa mtoto wa kwanza Laini Saba kukabidhiwa chombo kama kile. Wewe ungefanyaje?

Uwanjani kwa shangazi watu wa kwetu walikuwa wamejaa, wanapika samaki, wanasalimiana, na katikati amekaa Mzee Oyugi na nyatiti yake, kinanda cha nyuzi nane, amekilaza kando kwenye kigoda kifupi. Kwenye kidole gumba cha mguu alivaa pete ya chuma ambayo aligonga nayo ubao, na kwenye kifundo cha mguu njuga. Mtu mmoja, lakini ukifumba macho ungeapa wamekuja wanne. Nilibonyeza vitufe viwili pamoja, kaseti ikaanza kuzunguka, na mimi nikahisi nywele za mikono zikisimama. Sasa, nyatiti ina desturi yake. Katikati ya wimbo mtu husimama, humtuza mpigaji, humnyamazisha, kisha hujisifu: hutaja jina lake, la mama yake, la ukoo wake, kazi ya mikono yake, hata uzuri wa mke wake, na watu humshangilia kabla nyuzi hazijaendelea. Hakuna anayeita hayo maringo. Ni zamu ya mtu kujulikana. Lakini kwa Wanyama, ambaye si wa kwetu, hayo yote yalikuwa domo. Nami nilitii amri ya fundi wangu kuliko masikio yangu. Kila mtu aliposimama kujisifu, tak! nikasimamisha. Nyuzi zikirudi, tak! nikaendelea. Nilifanya kazi safi sana. Nilijiona profesa.

Baba alikuwa ameahidi kwamba atasema maneno ya kumpelekea Dani mwishoni, ngoma ikiisha. Aliona haya kuongea na sanduku. Basi alipoinuka katikati ya wimbo wa tatu, akakohoa kidogo kusafisha koo, mkono wangu ukaenda wenyewe. Tak! Baba akanyoosha mkono wenye kovu la randa, na yule mtu wa maneno machache akafunguka kama mto: "Mimi ni Odhiambo, mwana wa Apiyo aliyenizaa jembe likiwa mkononi! Kuanzia Laini Saba mpaka Satellite hakuna anayelala ila mimi nimemlaza! Tajiri analala juu ya mikono yangu, maskini analala juu ya mikono yangu! Mama, nipo! Mbao zinanijua, na mimi bado napumua!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekodoa macho, mdomo wazi, kidole kimetulia juu ya kitufe. Sikuwahi kujua kwamba baba yangu alikuwa na mtu mkubwa namna ile ndani yake.

Ngoma ilipoisha, upande mmoja wa kaseti ulikuwa umefika ukingoni na Mzee Oyugi amekwisha vua njuga. Baba akanijia akitabasamu, jasho linamtiririka. "Umeshika yote?" Nikamuuliza, "Na yale maneno ya Dani?" Akacheka. "Si nimeshasema? Kwani hukunisikia?" Hapo ndipo nilipokumbuka ile tak yangu. Ningesema kweli saa ile, labda kaseti ingegeuzwa upande wa pili. Lakini njia nzima nilikuwa nimetembea kama chifu, na mtu aliyetembea kama chifu hawezi kukiri amekwenda uchi. Nikasema, "Nimeshika." Akanigusa kichwa. Mkono ule ulinielemea kuliko redio.

Safari ilikuwa ya shangazi Akinyi na mimi, kwa treni ileile niliyozoea kuipungia. Ilipopita nyuma ya kibanda cha Wanyama niliona paa letu kwa juu kwa mara ya kwanza, dogo, limeshikiliwa kwa mawe, na nikashangaa kwamba dunia yangu yote ilitoshea kwenye dirisha moja na kupita kabla sijamaliza kuitazama. Kulipopambazuka ardhi ilikuwa imebadilika, milima imeinama, hewa nzito yenye harufu ya ziwa. Kutembea kwingi kuona mengi, wanasema. Mimi niliona vyote kupitia ukungu wa uongo wangu. Kila magurudumu yalipogonga reli nilisikia tak, tak, tak.

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika. Dani alikuwa mdogo kuliko nilivyowaza, macho yamefifia, amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake ya nyasi. Alinipapasa uso akaniita "mume wangu", kama nyanya wanavyofanya. Kisha akasema, "Haya. Mtoe mwanangu humo." Nikabonyeza. Nyatiti ikaanza kulia na watu wakashangaa, watoto wakakimbia, mzee mmoja akavua kofia. Lakini wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukafika katikati, kwenye kila pengo tak, na nyuzi tena. Owino, binamu yake baba, akaguna. "Sasa hiki ni kinanda tu. Hata marehemu anaweza kupigiwa kinanda." Shangazi akanitazama kwa macho ya kuchinja. Dani alikuwa anaokota nyuzi za mkeka mmoja mmoja, na midomo yake imeanza kutetemeka. Nilielewa kwamba mbele yangu mama alikuwa anamzika mtoto aliye hai, na mchimba kaburi ni mimi.

Nikazima redio, nikalia. Nikawaambia yote: kitufe, amri ya Wanyama, uongo wangu. Dani akasubiri nimalize kamasi, akauliza, "Wewe ulikuwepo alipojisifu?" "Nilikuwepo, Dani." "Basi simama ujisifu kwa niaba yake. Mdomo huna?" Nikasimama. Nikanyoosha mkono kama baba, nikapaaza sauti yangu ya mbuzi: mimi ni Odhiambo, mwana wa Apiyo, hakuna anayelala ila mimi nimemlaza! Watu wakaangua kicheko, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, lakini Owino akasema, "Mtoto ukimfundisha wimbo atauimba." Ilikuwa kweli. Nikarudisha kaseti nyuma kidogo nikabonyeza tena, angalau muziki unifiche.

Dani akainua mkono. "Ngoja. Rudisha hapo." Nikarudisha. Nyuzi, nyuzi, kisha, kabla tu ya tak, mtu akasafisha koo. Kidole changu kilikuwa kimechelewa kidogo tu, punje ya muda. "Tena," akasema. Khm, tak. "Tena." Safari ya nne alikuwa amefumba macho, machozi yanashuka kwenye mikunjo ya mashavu, na anacheka. "Huyo ni Odhiambo. Tangu ananyonya, alikuwa hasemi wala halii bila kusafisha koo kwanza. Owino, nani amemfundisha mtoto huyu kukohoa hivyo?" Owino akainamisha kichwa. Tulirudisha kikohozi kile mpaka betri zikachoka na baba akawa anakohoa kwa sauti ya fahali.

Kesho yake nilianika betri juani, nikageuza upande wa pili wa kaseti, na Dani akaongea. Sikusimamisha hata mara moja. Nilinasa kuku, nilinasa sufuria, nilinasa akimfukuza mbwa. Na nilinasa maneno haya, ambayo baba aliyasikiliza kwenye kibanda cha Wanyama akiwa ameshika randa: "Odhiambo, nimekusikia. Nilizaa mtu, sikuzaa mabati. Njoo." Treni ikapita, bisibisi zikacheza, baba akaweka randa chini. Mwisho wa mwaka alikwenda, mikono mitupu, na Dani akampikia kuku. Yale mabati niliyapeleka mimi, baadaye sana, lori zima, ya rangi. Uliza yeyote kule.

Baba sasa amelala kando ya mama yake, na kwenye simu yangu moja naweza kubeba sauti za kijiji kizima bila kuanika chochote juani. Juzi Kevo, kijana anayenifanyia kazi studio, alinionyesha maajabu mapya. "Mzee, cheki hii programu. Inaondoa pumzi zote, kukohoa, kusafisha koo, kila kitu. Yenyewe tu! Sauti inabaki safi." Akanichezea mama mmoja wa Silanga aliyekuja kurekodi wimbo wa kanisa. Kweli ilikuwa safi, imeng'aa kama sahani. Nilistaajabu, kustaajabu sijaacha. Kisha nikamwambia arudishe pumzi zake, zote. "Lakini mzee, huo si uchafu?" Nikamwambia kwenye studio hii hakuna kikohozi kinachofutwa. Watu husema Omondi anajisifu mno, debe tupu haliachi kuvuma. Waache waseme. Mimi nilinyamazisha sifa za baba siku moja tu, na tangu hapo kila ninaposimama mbele za watu, kabla sijataja jina langu, husafisha koo kwanza.