Baba ameweka soketi kichwa chini

Jamani, soketi zote za nyumba yangu mpya hapa Kibirichia ziko kichwa chini.

Aliyeziweka ni baba yangu. Alistaafu ualimu, akajifundisha stima, na akakataa kabisa niite fundi mwingine.

Nilimuuliza polepole, "Baba, tundu la ethi, lile la waya wa ardhini, si hukaa juu?"

Akacheka. "Ethi ni udongo, mwanangu. Umeona udongo ukikaa juu?"

Utabishana aje na mwalimu?

Leo mke wangu alidhani pasi imezimwa. Kumbe swichi nazo zimegeuka, ameiacha ikiwaka! Sare ya mtoto imeungua.

Nikaenda kumwambia mzee ukweli. Nikamkuta anapanga vifaa huku akiimba. Kanisa limemwita, kesho anawawekea soketi.

Nilimwambia tu, "Mungu akubariki, baba."

Nyinyi mngesema nini?