Nilimwambia dada yangu mchwa wamekula boriti

Ficheni jina langu, maana wengi niliowafundisha wanasoma ukurasa huu. Nina miaka themanini na mitatu, mwalimu mstaafu, naishi Chemchem hapa Tabora. Figo zimekataa kazi na daktari ameacha kunificha.

Nyumba hii mama alituachia mimi na dada yangu mkubwa. Kuta za udongo, nene, madirisha madogo. Hata saa sita mchana tuliwasha taa. Dada alipofiwa na mume alirudi kwenye chumba cha mbele, kama mama alivyoagiza. Chumba hicho ndicho kilichoziba jua lote la asubuhi.

Nilitaka sebule pana yenye mwanga. Kumwambia "toka" nisingeweza, kwani aliacha shule darasa la nne akalime tumbaku ili mimi nisome. Nikamwita fundi, tukapanga la kusema. Akagonga ukuta mbele ya dada, akatikisa kichwa. "Bibi, mchwa wamemaliza boriti. Ukuta huu utakuangukia."

Dada akacheka. "Mchwa nao wana akili, wamechagua chumba cha asiyesoma." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

"Ni kweli, dada. Nenda Urambo kwa binti yako. Ukuta ukijengwa upya nitakuita."

Alipanda treni Jumatatu. Jumanne tukabomoa. Boriti zilikuwa nzima, na fundi alitoka jasho siku mbili kuuangusha ukuta ule. Tukaweka madirisha makubwa ya vioo. Wageni wakasifu, nami nikapokea sifa.

Ni miaka sita sasa. Kila akipiga simu huuliza, "Ukuta umekauka?" Nami hujibu mvua zimetuchelewesha, saruji imepanda bei. Hajanibishia hata mara moja. Mwaka jana binti yake alinieleza kwamba mama yake analala kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na kifua kimeharibika. Nikasema pole, nikakata simu.

Juzi dada alisikia ninaumwa, akapiga. "Nakuja Jumamosi kukuuguza, mdogo wangu. Godoro ninalo. Nitalala chumbani kwangu, ukikohoa nitakusikia."

Mwanangu ananiambia, "Baba, sema ukuta ulianguka wenyewe. Atakuamini."

Najua ataniamini. Nikimweleza ukweli kwa simu huenda asije, nife sijamwona. Nikinyamaza, ataingia na godoro lake, atasimama katikati ya sebule akitafuta mlango ambao haupo.

Nishaurini, wanangu, nifanye lipi kabla ya Jumamosi?