Meza ya Kulinda Magoti

Kila mwisho wa Novemba, kabichi zikishavunwa, watu wa Naju, huku Korea Kusini, hukumbuka kwamba mjini kwao wamo watu wenye ulemavu. Hukumbuka wote katika wiki moja. Jumatatu benki hutuletea kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili iliyochachushwa, Jumatano kiwanda cha mabomba, Ijumaa kanisa, na kufika Krismasi friji za kituo chetu cha kuwahudumia hazifungiki. Mimi ndiye niliyekuwa naandika barua za shukrani. Nilikuwa na barua moja nzuri; nilibadilisha majina tu.

Mama Pyo Mal-lye aliila kimchi ya watu kwa adabu, kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa dawa. Kwa miaka thelathini na mmoja aliuza vitoweo sokoni, ameketi kwenye jukwaa la mbao, miguu iliyopoozwa na polio tangu utotoni imekunjwa chini ya aproni. Siku hizo alitambaa. Mabega yalipochoka akapewa kiti cha magurudumu, nacho kikampandisha cheo kwa namna yake: sasa alikuwa juu mno kwa sakafu na chini mno kwa meza.

Jiko la kituo lilitolewa na mfadhili ambaye jina lake limechongwa kwenye kibao cha shaba. Kaunta zilimfika Mama Mal-lye kidevuni, na chini yake kulikuwa na makabati, hivyo magoti ya aliyeketi yaligonga mlango kabla mikono haijafika kwenye sinki. Kila Jumanne wanawake kumi na mmoja walikuja kwenye darasa la mapishi, wakamtazama mwalimu akipika.

"Leo tumetazama supu," Mama Mal-lye alimwambia rafiki yake Bong Hui-ja, ambaye ni kipofu.

"Afadhali wewe. Mimi nimeisikiliza tu."

Alichotaka ni meza moja, ya kupanda na kushuka, iliyo wazi chini. Mara nne niliuandikia mfuko wa hisani wa kampuni moja ya nyaya za umeme. Mara nne ulijibu kwamba mwaka huu kipaumbele ni misaada inayomgusa mnufaika moja kwa moja, na kwamba wafanyakazi wa kampuni wangekuja kututengenezea kimchi tarehe ishirini na sita Novemba. Darasa lenyewe lingefungwa mwezi wa tatu, kwa sababu ripoti yangu ilitakiwa kueleza wanawake wale wamejifunza kupika nini, nami sikuwa na la kuandika.

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita, Bibi Gil, mkuu wa kituo, alimsukuma Mama Mal-lye hadi ukumbini na kumweka chini ya bango.

"Mama, leo ni kutabasamu tu. Habari za meza tuziache. Mkurugenzi Tak wa mfuko anakuja mwenyewe."

"Nitatabasamu, mwanangu. Meno ni machache lakini yatatosha."

Wafanyakazi arobaini wa kampuni, wenye vizibao vya kijani, walisimama kwenye meza ndefu za kukodi, glavu mikononi, wakisubiri mpiga picha. Kreti la kabichi lilikuwa karibu na gurudumu la Mama Mal-lye. Akachukua moja, akapinda shina lake jeupe. Kabichi iliyokolea chumvi hujikunja kama sikio. Hii ilikatika kama chaki.

"Bado mbichi," akasema.

Mkurugenzi Tak aliinama, akidhani anashukuriwa. "Ahsante sana, mama. Mungu akupe afya."

"Bwana Mkurugenzi, nasema kabichi haijakolea. Mkiipaka pilipili hivi hivi, kufika Januari itatoa maji na kunuka soksi. Nyumba sitini mnazozigawia zitaitupa, halafu zitakushukuru."

Bibi Gil alikohoa.

"Nani kati yenu amewahi kukolezea kabichi chumvi?" Mama Mal-lye aliwauliza wa kijani.

Wakatazamana. "Mimi mama hunitumia kutoka kijijini," mmoja alikiri.

"Tufanyeje?" Mkurugenzi akauliza. Magari ya kugawa kimchi yalikuwa tayari nje.

"Maji ya uvuguvugu, chumvi, tuziloweke na kuzigeuza kwa muda wa saa tatu. Lakini meza zenu sizifikii. Nishusheni."

Wanaume wawili walimshusha kwenye turubai. Alipotazama mbele, akaona magoti tu.

"Siwezi kufundisha magoti. Kaeni."

Wakakaa, Mkurugenzi pia. Mama Mal-lye alimpiga mhasibu mmoja kofi mkononi. "Chumvi kwenye shina, mjomba. Jani halijakukosea." Hui-ja alipita kwa kupapasa, akakagua kila beseni. "Huyu ana pete. Ivue, baba, ama mkeo aje kuitafuta kwenye nyumba sitini."

Saa ya pili wa kijani walianza kuegemeana. Ya tatu ilipotimia, kabichi zikapakwa pilipili, vitunguu saumu na uduvi, na watu wakainuka wakishikilia ukuta. Mkurugenzi Tak hakuinuka.

"Miguu imekufa ganzi," alinong'ona.

"Yangu tangu mwaka sitini na moja," Mama Mal-lye akasema. "Utazoea."

Wakamrudisha kwenye kiti, wakamwinua Mkurugenzi, picha ikapigwa. Mama Mal-lye akakabidhiwa boksi la kimchi aliyoitengeneza mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili na tabasamu aliloahidi.

Wiki tatu baadaye lori lilileta meza sita za kupanda na kushuka kwa kitufe, zilizo wazi chini. Barua ilieleza kwamba, kutokana na malalamiko ya kiafya ya wafanyakazi, mfuko umeidhinisha meza hizo ili kulinda magoti ya wanaojitolea. Zingehitajika siku moja kwa mwaka. Siku mia tatu sitini na nne zilizobaki, kituo kiliombwa kiwe na wema wa kuwatunzia.

Bibi Gil aliisoma mara mbili. "Tutajitahidi," akasema.

Jumanne Mama Mal-lye alibonyeza kitufe, meza ikashuka hadi juu kidogo ya mapaja yake. Akasogea, magoti yakapita. Akachukua figili na kisu. Mwalimu alisimama pembeni, hajui aiweke wapi mikono yake.

"Nasikia kisu," Hui-ja akasema. "Ni chako?"

"Changu."

"Unakata vipande vinene."

"Menya vitunguu saumu, mwenzangu, uache maneno."