Herufi G ya Severine

Severine, muuza vitenge wa jumla pale Kariakoo enzi za Ujamaa, alinunua Peugeot 504 GL, ile yenye injini kubwa ya lita mbili. Raha yake ilidumu mpaka alipowaza kwamba mtaa mzima utamwita mnyonyaji. Akachukua bisibisi, akaing'oa herufi G kwenye buti, ikabaki L peke yake, yaani ile ya injini ndogo, gari la mtu wa kawaida.

Asubuhi moja Bi Blandina, mjumbe wa nyumba kumi, akajipakia bila hodi. "Nipeleke Magogoni, Ndugu Severine, pantoni inaniacha!"

Severine akaendesha kama anayesindikiza jeneza.

"Baba, gari lina mimba? Kanyaga!"

Akajisahau, akakanyaga. Injini ikanguruma, kilemba cha mjumbe kikarukia kiti cha nyuma. Walipofika, pantoni ilikuwa bado inapakia. Severine akangoja kuitwa kupe.

"Kumbe injini ndogo ina mbio hivi!" mjumbe akashangilia. "Na petroli hainywi sana, sivyo?"

"Hainywi, mama," akajibu kwa sauti ya mgonjwa.

"Basi sisi wa tawi la chama tutaliazima gari hili kila wiki. Yale yenye injini kubwa tuwaachie mabepari."